Mshipi wa Lipu

Hakuwa na gari, wala baiskeli tangu ile ya mwisho iibwe nje ya zahanati. Hakuwa na mtoto wa kiume. Hakuwa na meno mawili ya mbele, na kwa sababu hiyo alikuwa amejizoeza kucheka akiwa amefunga mdomo. Hakuwa na cheti cha shule ya mchana. Alichokuwa nacho ni cha darasa la jioni la watu wazima, nacho alikitundika sebuleni kana kwamba kimetoka chuo kikuu. Hakuwa na shamba, hakuwa na mpangaji, hakuwa na ndugu mwenye cheo serikalini. Hakuwa na deni dukani. Na katika miaka sabini na mbili ya maisha yake hakuwahi kuwa na mazoea ya kuomba, hata chumvi kwa jirani, hata kuelekezwa njia.

Alichokuwa nacho ni mke na nyumba.

Watu walimwita Timazi. Timazi ni ile kamba yenye kipande cha chuma mwishoni, ambayo fundi huining'iniza kando ya ukuta kuona kama umesimama wima. Yeye alikuwa fundi lipu kwa miaka arobaini na moja, na jina hilo alilipata kwa ukuta mmoja tu. Ulikuwa umelala upana wa kidole. Mwenye nyumba alikuwa ameshaukubali, ameshalipa, ameshahamia na kutundika saa juu yake. Timazi alirudi na nyundo, akataka saa itolewe, akaubandua ukuta mzima na kuupiga upya kwa saruji aliyoinunua mwenyewe. Mafundi wenzake walicheka wiki nzima. Jina likabaki.

Nyumba yake aliijenga kwa miaka kumi na mmoja, chumba baada ya chumba, kadiri kazi za watu zilivyomwachia nafasi. Vyumba viwili, sebule, ujia mrefu, bafu, jiko nyuma, paa la bati. Ukipita barabarani huwezi kugeuka kuitazama mara ya pili.

Mkewe alikuwa opereta wa simu katika hospitali kubwa. Kwa miaka thelathini alikaa mbele ya ubao wa waya akiwaunganisha watu asiowaona, na mpaka leo mtu akikohoa tu nje ya uzio, humtaja jina. Miaka sita iliyopita alipata presha ya macho. Kwanza hakumwona mtu aliyesimama kando yake. Halafu hakuona miimo ya mlango. Ikabaki nafasi ndogo katikati, kama tundu la ufunguo, na asubuhi moja, miaka minne iliyopita, tundu nalo likaziba. Daktari alikuwa ameshawaambia: dawa inazuia, hairudishi, nao walichelewa kufika.

Wiki hiyo hiyo Timazi alinunua mfuko wa saruji.

Alianzia chumbani kwao, kando ya kitanda. Kwa mwiko mdogo na kipande cha bomba alichokipasua katikati, alivuta mshipi wa lipu ukutani, unene wa kidole gumba, usawa wa kiuno cha mkewe. Mshipi ulifuata ukuta hadi mlangoni, na hapo ukavimba kama kifundo, maana yake inua mguu, kuna kizingiti. Ukatoka ujiani. Penye mlango wa bafu aliukwaruza mikwaruzo mitatu. Jikoni aliugawa ukawa miwili, wa juu wa kwenda kwenye jiko, wa chini wa kwenda mlango wa uani, na hatua moja kabla ya jiko lenyewe alibonyeza kishimo cha ncha ya kidole: simama, moto. Kazi ilichukua miezi minne. Alipomaliza, mkewe alitoka kitandani, akaenda jikoni, akachemsha maji, akaja na kikombe mpaka alipoketi mumewe, bila kumwita mtu.

"Fundi," akasema, "pale kona ya bafu umeacha chembe ya mchanga."

Akaenda kutazama. Kweli ilikuwepo.

Lakini sebuleni kulikuwa na shida ya peke yake, kwa sababu sebuleni huingia wageni. Timazi hakutaka mtu yeyote aingie, autazame ule mshipi, kisha amtazame mke wake na kusema pole. Hakuwa amemwambia mtu kuhusu macho yale. Basi sehemu ya sebuleni aliichonga majani, madogo madogo, yenye mishipa yake, yote yakielekea upande mmoja, upande wa kutokea. Mgeni aliona pambo. Aliyeuliza alijibiwa, "Mtindo tu. Fundi akistaafu mikono humwasha." Na kwa vile mkewe aliwasalimia watu kwa majina yao kabla hawajavuka mlango, Timazi aliamini kwamba hakuna aliyejua.

Hakuwahi kumuuliza mkewe kama naye alitaka jambo hilo lifichwe.

*

Mapema mwaka huu halmashauri ya mji iliamua kuthamini upya nyumba zote ili kupanga kodi mpya ya majengo. Mtaani habari ilitangulia mthamini kwa siku tatu. Fundi Bomba, fundi wa mabomba wa nyumba ya pili, alihamishia viti vyake vya maana kwa dada yake na kuacha geti lining'inie kwenye bawaba moja. Wengine walifua matambara na kuyaanika mbele.

Mthamini alikuwa binti mwenye mafua na ubao wa kuandikia. Alifika kwa Timazi saa tano, akasimama getini, akatazama paa, akaandika.

"Shikamoo, mzee. Nyumba ya kawaida, daraja la tatu. Saini hapa tu."

Mtu mwingine yeyote wa mtaa ule angetia saini na kumwombea safari njema. Timazi alivaa miwani.

"Marahaba. Umeandika nyumba ya kawaida?"

"Ndiyo, baba."

"Bila kuingia?"

"Nina nyumba arobaini leo."

"Mwanangu, kutoka getini unaona rangi. Ukuta huuoni. Ingia."

Akamzungusha. Akamwonyesha sakafu isiyo na ufa hata mmoja. Akamgongea ukuta kwa kifundo cha kidole ili asikie ulivyojaa. Sebuleni mkewe alikuwa ameketi kwenye kiti chake, akageuza uso kuelekea mlangoni.

"Karibu, mwanangu. Pole na mafua."

"Asante, mama. Umejuaje?"

"Yamekukaa puani tangu getini."

Binti akacheka, wala hakugundua lolote. Ndipo akayaona majani. Aliinama, akapitisha mkono.

"Haya nani kachonga?"

"Mikono hii."

"Yako sebuleni tu?"

"Mshipi uko nyumba nzima," alisema Timazi, na kifua kilimjaa kama cha kijana. "Vyumba vyote. Njoo uone."

Binti alipiga picha, akafuta alichoandika, akaandika upya kurasa nne. Timazi alitia saini kila ukurasa kwa mwandiko wake wa darasa la jioni, ule wa kulalia kulia. Mkewe, pale kitini, aliusikiliza mkwaruzo wa kalamu mpaka ukaisha.

Ankara ilikuja baada ya miezi miwili. Kodi mpya ya mwaka ilikuwa sawa na pensheni ya mkewe ya miezi mitano, na pensheni ile ndiyo waliyoishi nayo, maana fundi wa kujitegemea hana anayemlipa akizeeka. Chini ya ankara kulikuwa na maandishi madogo: mwenye nyumba mzee, mwenye kipato kidogo, anaweza kuomba nafuu ya kodi ndani ya siku thelathini.

"Barua gani hiyo?" mkewe aliuliza.

"Ya maji," alisema Timazi, akaiweka kwenye droo.

Ilikaa humo siku ishirini na tano. Kila alipofungua droo kuchukua miwani aliiona. Mtaani nyumba tatu zilikuwa zimeshapigwa alama nyekundu ukutani kwa kodi za nyuma zisizolipwa, na mojawapo ilikuwa imeshauzwa kwa mnada, mwenyewe akasimama barabarani na godoro. Wao, mnada ukiwafika, wangekwenda kwa binti yao. Binti alikuwa mwema, na mara mbili alikuwa amewaita. Lakini alikaa ghorofa ya nne, katika mji mwingine, na walishawahi kumtembelea mara moja, baada ya mshipi kukamilika. Siku tisa mkewe alikaa ukingoni mwa kitanda kama mzigo unaosubiri kupakuliwa. Aliomba kupelekwa chooni. Aliomba kuletewa maji. Alijigonga, akaomba msamaha kwa kujigonga. Siku ya tisa alimshika Timazi mkono na kusema kwa sauti ya chini, "Nirudishe kwenye ukuta wangu."

Siku ya ishirini na sita Timazi alinyoa ndevu, akavaa koti, akaenda halmashauri.

*

Foleni ya dirisha namba tatu ilijaa watu wa umri wake. Ungedhani ni kliniki. Wengine walikuja na vigoda. Nyuma yake alikuwa mwenye duka wa mtaani kwao, aliyekuja na mama yake mzazi, na mbele yake Fundi Bomba.

"Timazi!" Bomba alipaza sauti. "Hata wewe umekuja kuomba?"

"Sijaja kuomba. Nimekuja kurekebisha."

"Sote tunarekebisha hapa, kaka. Mimi narekebisha tumbo."

Watu wakacheka. Timazi naye akacheka, mdomo umefungwa.

Bomba alipata nafuu yake kwa dakika tano. Nyumba ya daraja la nne, geti bovu, hongera mzee. Hakuondoka, akasimama pembeni kumsubiri mwenzake waende pamoja.

Karani wa dirisha alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, aliyechoka. Akaisoma fomu ya Timazi mpaka mwisho.

"Umri unatosha, mzee. Kipato kinatosha, yaani ni kidogo vya kutosha. Unaishi humo mwenyewe. Tatizo ni hili hapa. Nafuu ni kwa daraja la tatu kushuka chini. Nyumba yako ni daraja la pili."

"Ina bati."

"Naona. Na vyumba viwili. Ingekuwa daraja la tatu bila ubishi, lakini kuna kitu kimoja kimeipandisha." Akageuza karatasi. "Mapambo ya mkono ukutani, vyumba vyote. Hayo huwa tunayaona kwa matajiri."

Timazi aliivuta karatasi karibu na miwani.

"Kuna njia mbili," karani aliendelea. "Uyaondoe yote, mthamini arudi apime upya. Au uandike rufaa, ueleze kwamba hayo si mapambo, ni kitu kingine, na kina kazi gani. Rufaa tunaibandika ubaoni hapo nje siku kumi na nne, mwenye pingamizi aseme, na kusikilizwa huchukua siku tisini au zaidi. Mwisho ni Ijumaa saa nne asubuhi." Akamtazama. "Sasa niambie, mzee wangu, nikuelekeze vizuri. Ni mapambo, au si mapambo?"

Swali lilikuwa jepesi, na jibu lilikuwa maneno matatu. Watu wa foleni husikiliza. Mwenye duka alikuwa amesimama karibu kiasi kwamba Timazi aliisikia pumzi yake, na Bomba alikuwa ameegemea nguzo, akitazama viatu vyake.

Timazi alivuta mabega nyuma.

"Ni mapambo," alisema.

Karani akasubiri kidogo, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kurudia. Kisha akagonga mhuri: imekataliwa.

Njiani Bomba hakufanya utani hata mmoja. Walipofika kwake alisema tu, "Kaka, Ijumaa bado," akaingia ndani.

*

Kesho yake ilikuwa Jumatano. Timazi alimpeleka mkewe uani, akamwekea ungo wa mchele wa kuchambua, jambo alilolifanya vizuri kwa vidole kuliko wenye macho.

"Nitagonga kidogo sebuleni. Kuna nyufa."

"Nyufa? Kwenye lipu yako?"

"Umri, mama."

Akafunga mlango wa kati. Akatandika gunia sakafuni, akachukua patasi na nyundo, akapiga magoti penye mlango wa mbele. Alikuwa amepanga kila kitu kichwani. Atabandua mshipi wote, mthamini atarudi, nyumba itashuka daraja, kodi itafutwa, kisha atauvuta upya. Mthamini huenda angechukua mwezi kurudi, au mitano. Katika miezi hiyo angemshika mkewe mkono mwenyewe, mchana na usiku. Na yeye magoti yake yalikuwa yameshaanza kukataa ngazi. Sijui aliwaza vipi kwamba akiwa na miaka sabini na mbili angeweza kuvuta upya kazi ya miezi minne. Nadhani hakuwaza. Alikuwa na patasi mkononi, na patasi ilimzuia kufikiria dirisha namba tatu.

Saruji ilikuwa nzuri mno. Ilibidi apige kwa nguvu. Majani yalitoka vipande vipande, mengine mazima, na kila lililotoka zima aliliweka kando kwenye gunia bila kujua kwa nini. Baada ya saa moja alikuwa amefika hatua nne kutoka mlangoni. Vumbi lilimjaa kwenye nyusi.

Hakusikia mlango wa kati ukifunguliwa. Alipogeuka, mkewe alikuwa anakuja taratibu kama kawaida yake, mkono wa kushoto kwenye mshipi, kichwa juu, khanga mabegani. Alipita kabati. Alipita cheti. Vidole vyake vikafika mahali mshipi ulipokatika, vikaanguka hewani. Akavirudisha. Akatafuta juu, akatafuta chini, akakuta kovu la matofali. Akasimama.

"Mzee wangu," akasema. "Ukuta umeishia wapi?"

Timazi alitaka kusema nyufa.

"Rudi nyuma kidogo," alisema. "Kuna vipande chini, usijikwae."

"Nakuuliza."

Basi akamwambia, akiwa bado amepiga magoti. Alimwambia ankara haikuwa ya maji. Alimwambia daraja la pili, dirisha namba tatu, njia mbili. Mkewe alisikiliza kama alivyosikiliza miaka thelathini, bila kukatiza.

"Na karani alikuuliza nini, hasa?"

"Kama ni mapambo."

"Ukajibu nini?"

Timazi alinyamaza.

"Kimya chako nakijua," mkewe alisema. "Ulisema ni mapambo."

"Kulikuwa na watu."

"Watu gani?"

"Bomba. Mwenye duka na mama yake. Mtaa mzima."

"Na unadhani hawajui?"

Timazi akainua uso.

"Jioni ukinipeleka dukani, mwenye duka akinirudishia chenji, hunitajia kila noti anayoniwekea mkononi. Bomba akija hapa, husema, nimekaa kulia kwako, shemeji. Toka lini mtu mwenye macho akaambiwa hivyo? Mama yake mwenye duka hunikoholea nikipita, ili nijue yupo, nimsalimie kwanza, wewe ufurahi. Wanajua tangu mwaka ule ule. Wananyamaza kwa ajili yako. Wanakuonea haya."

Timazi alikaa chini, juu ya gunia, katikati ya vipande. Alijiona jana yake, mabega nyuma, mbele ya watu ambao wote walijua, kila mmoja akitazama viatu vyake.

"Nawe mbona ulinyamaza?" aliuliza mwishoni.

"Nilidhani unaona aibu kuwa na mke kipofu."

"Si aibu!"

"Basi ni nini?"

"Sikutaka wakuonee huruma."

"Mimi," mkewe aliuliza, "au wewe?"

Timazi aliiweka patasi sakafuni. Mkewe alinyoosha mkono mbele yake kutafuta kiti, akapiga hatua mbili, akagonga goti kwenye pembe ya meza ndogo. Hakulia. Alishika goti kwa mikono yote miwili, akasubiri maumivu yapite, kama alivyofanya zile siku tisa.

*

Alhamisi waliketi mezani na karatasi ya mistari. Mtaani Timazi alikuwa mwandishi wa barua za watu wengi: za kuomba likizo, za mirathi, za kumkanya mpangaji. Alijivunia maneno yake. Akaanza kwa heshima na taadhima, akaendelea na mimi mwananchi mtiifu wa muda mrefu.

"Fupisha," mkewe alisema. "Kwenye simu ukizunguka, mtu anakata."

Akaandika, akasoma: "Mke wangu ana udhaifu wa macho."

"Una udhaifu wewe, unayevaa miwani. Mimi sioni. Andika hivyo."

Timazi hakuwa mtu wa kukwaruza karatasi. Alichukua nyingine, akaanza upya. Akaandika sentensi ile kwa mwandiko wa kulalia kulia, na ilipokuwa imekaa pale, nyeusi, alihisi kama ameitoa nje akaiweka barabarani.

"Sasa andika kuhusu dirishani."

"Hilo halina haja."

"Karani wakimuuliza, atasema nini? Atasema mwenyewe alikiri ni mapambo. Barua yako itakuwa ya mtu anayejipinga. Andika ulisema uongo."

"Mama."

"Andika."

"Watu watasoma. Wanaibandika ubaoni."

"Najua inabandikwa. Na mimi nipo humo ubaoni, mbele yako."

Aliiweka kalamu, akaichukua tena. Nje mtu alikuwa akipiga bati. Uso wa mkewe ulikuwa umeelekea dirishani, mahali joto la jua lilipotokea, na kwenye goti lake palikuwa na uvimbe mweusi. Kutoka kwenye kiti kile hadi mlango wa mbele palikuwa na hatua nne zisizo na kitu ukutani, na hangeweza kuziziba: lipu mbichi ingeonekana na mthamini kuwa pambo jipya. Zingebaki hivyo hadi rufaa isikilizwe, siku tisini kwa uchache, na ikikataliwa, zingebaki kwa atakayenunua.

Barua aliyoimaliza ilisema hivi:

*Mimi ni mwenye nyumba iliyotajwa hapo juu. Mke wangu haoni. Mshipi wa lipu ulio kwenye kuta za nyumba yangu niliujenga ili aweze kutembea bila kushikwa mkono. Si mapambo. Majani ya sebuleni niliyachonga ili wageni wasijue kazi yake. Mthamini alipokuja sikumweleza, na karani aliponiuliza mbele ya watu nilisema ni mapambo. Haikuwa kweli. Nilisema hivyo kwa kiburi. Hatua nne za mshipi huo nimezibandua kwa kosa hilo hilo, na sehemu iliyobaki anaitumia kila siku. Naomba mthamini arudi aone. Naomba nafuu ya kodi.*

Aliisoma kwa sauti. Penye neno naomba la pili sauti yake ilishuka, ikabidi arudie.

"Inatosha," mkewe alisema. "Tia saini."

Ijumaa asubuhi alivaa koti. Mkewe alikuwa ameshavaa viatu, ameketi kitini.

"Unakwenda wapi?"

"Barua yangu pia hiyo."

Walitoka. Kwa mara ya kwanza alitembea naye barabarani mchana, mkono wa mkewe ukiwa umeshika kiwiko chake wazi, na ilikuwa kama alivyoogopa miaka yote minne. Watu walisogea kuwapisha, mapema mno, wakajibana ukutani. Mwanamke wasiyemjua alisema, "Pole, mama," kwa sauti ile inayotumika msibani. Mama yake mwenye duka alikuwa mlangoni. Hakukohoa, alinyamaza tu, akafuta uso kwa upindo wa nguo. Mkewe aliwasalimia kwa majina wote aliowatambua, lakini vidole vyake vilizidi kumbana kiwiko, na walipofika kona alisema, "Tembea haraka kidogo."

Mbele ya halmashauri, chini ya ubao wa matangazo, palikuwa na sanduku la chuma la rufaa. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne kasoro dakika kumi. Timazi alitoa bahasha, akalamba gundi, ladha yake ikamkaa ulimini. Akampa mkewe. Yeye aliibonyeza ukingo mzima kwa kidole gumba, polepole, kutoka pembe hadi pembe, akairudia sehemu moja iliyokuwa imeinuka.

"Liko wapi tundu?"

Timazi akauchukua mkono wake na kuuelekeza. Bahasha ilikwama nusu, mkewe akaisukuma kwa kiganja, wakaisikia ikianguka juu ya barua nyingine.